Usiguse Breki ya Mbele

Ukinunua nduthi leo, kabla hata namba ya usajili haijafungwa, utakuwa tayari umepewa mawaidha. Hulipi kitu. Jirani atakuambia, fundi atakuambia, hata yule jamaa wa steji ambaye jina lake hulijui atakuambia. Usiguse breki ya mbele, itakurusha. Ukifika kwa mteremko zima injini, mafuta ni ghali. Helmeti vaa hata kama imepasuka, karao wako pale mbele. Usiamini pikipiki mpaka logibuku iwe na jina lako. Na ukiona mwenzako ameanguka, simama.

Wengi wamejifunza hivyo. Shule za udereva zipo, na leseni ya kubeba abiria kwa pikipiki ina daraja lake, A3. Lakini elimu yenyewe, ile unayoitumia saa moja jioni mvua ikinyesha na lori likikupumulia mgongoni, hutolewa pale steji chini ya kibanda cha mabati. Mara nyingi mwalimu ni mtu aliyekutangulia kwa miezi sita tu. Na yeye alifundishwa na nani? Ukifuata mlolongo huo kurudi nyuma unapita Boxer, unapita pikipiki za Kichina za mwaka 2009, na mwisho wake unajikuta mpakani Busia, umesimama kando ya baiskeli nyeusi.

Hoja yangu ni hii: sehemu kubwa ya mawaidha tunayopewa tukianza kuendesha pikipiki yalitungwa kwa chombo kingine na kwa barabara nyingine. Mengine bado yanaokoa watu. Mengine yanaua, na si kwa sababu aliyeyatunga alikuwa mjinga. Yanaua kwa sababu wakati mmoja yalikuwa kweli.

Pengo la Busia

Busia ni mji mmoja uliopasuliwa na mpaka. Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na kwa miaka mingi kati ya vituo viwili vya ukaguzi kulikuwa na kipande cha barabara ambacho gari la abiria halikukivuka bila makaratasi ya gari lenyewe. Abiria alishuka upande huu, akajitwika mzigo wake, akatembea juani hadi upande wa pili kutafuta gari jingine. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliona riziki ndani ya pengo hilo. Walifunga mto wa sifongo kwenye keria, wakaanza kuita wateja: boda, boda! Yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Neno la Kiingereza lilipita midomoni mwao likatoka la kwetu.

Kisha Uganda ya Idi Amin ikaishiwa bidhaa. Sukari, sabuni na chumvi vikawa adimu upande ule. Halafu Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa Brazil, bei ya kahawa ikapaa duniani kote, na kati ya 1976 na 1977 kahawa ya Uganda ikamiminika kimagendo hadi Chepkube, kule Bungoma, soko ambalo wazee wa magharibi bado hulitaja kwa tabasamu la mtu anayeficha kitu. Kwa biashara za mpakani, za halali na za magendo, baiskeli ilikuwa chombo kizuri kuliko vyote. Haina kelele, hainywi petroli, na popote punda anapopita nayo inapita.

Baiskeli yenyewe ni ile tunayoiita Black Mamba. Fremu ya chuma kizito, magurudumu makubwa, gia moja, na breki za fito za chuma zinazovuta vipande vya mpira vibane rimu. Mfikirie mtu anayeendesha chombo hicho kwenye murram, nyuma kambeba mama mwenye kikapu. Atajifunza nini? Kwanza, atajifunza kuiogopa breki ya mbele. Kwenye changarawe, gurudumu la mbele likijifunga linateleza pembeni, na mkiteleza hivyo hamna namna, mtakuwa chini wote watatu, wewe, mama na kikapu. Pili, atajifunza kwamba mteremko ni zawadi. Umepanda mlima ukinyonga kwa jasho, basi ukifika juu unaacha pedali na kuiachilia iende. Tatu, atajifunza kuuweka mzigo karibu na mwili, maana ukikaa mbali nyuma unainua usukani. Yote matatu yalikuwa sahihi. Yalitoka kwenye magoti yaliyochubuka, si vitabuni.

Kutoka mpakani baiskeli hizi zilienea hadi Kisumu, Kakamega na miji mingine, na mawaidha yake yakasafiri nazo.

Mwaka ambao kila kitu kilibadilika

Pikipiki yenyewe haikuwa kitu kigeni Kenya. Kwa miongo mingi ilikuwa chombo cha mwenye cheo: afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, padre wa parokia ya mashambani. Zilikuwa Yamaha, Suzuki na Honda za Kijapani, mara nyingi za ofisi, na mafuta ya ofisi. Jina lenyewe limetokana na mlio wake. Watoto walikimbia nyuma yake wakiusikia.

Kwa hiyo tulikuwa na makundi mawili ambayo hayakukutana. Kulikuwa na watu wenye pikipiki ambao hawakubeba abiria, na watu waliobeba abiria ambao hawakuwa na pikipiki. Yalikutana baada ya 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT, ambao ulikuwa asilimia 16, kwenye pikipiki za chini ya 250cc. Pikipiki za Kichina zikaingia kwa wingi, kisha za Kihindi zikashika soko, Boxer ya Bajaj na TVS. Mwaka 2007 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini hazikufika 20,000. Mwaka 2010 zilipita 100,000.

Tulia na hizo namba kidogo. Ni miaka mitatu tu. Hakuna nchi inayoweza kujenga shule za kufundisha watu wengi hivyo kwa muda huo, na yetu wala haikujaribu. Kilichotokea ni kwamba kijana aliyekuwa akinyonga baiskeli Ijumaa alikuwa juu ya pikipiki Jumatatu. Mtu alimpeleka uwanja wa mpira, akamwonyesha klachi mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, mafuta mkono wa kulia. Wakazunguka magoli mara kumi. Basi, amehitimu. Mengine yote aliyafahamu tayari, kwa sababu alikuwa mtu wa barabara. Alijua kubeba mzigo, alijua kupangua bei, alijua mashimo yako wapi. Na alijua kwamba breki ya mbele haiguswi.

Breki

Panda matatu, kaa kiti cha nyuma, ngoja dereva akanyage breki ghafla kwa sababu makanga ameona abiria. Mwili wako unaenda wapi? Mbele. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Ukifunga breki, uzito wake, wako na wa abiria wako huhamia gurudumu la mbele. La mbele linagandamizwa barabarani na kushika vizuri zaidi. La nyuma linakuwa jepesi, na gurudumu jepesi ukilifunga haliwi na nguvu ya kukusimamisha. Linajifunga na kuburuzika, unasikia tu mlio wa tairi huku gari lililo mbele likizidi kukukaribia.

Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi ya kusimamisha pikipiki. Ukiwa na abiria, breki ya nyuma inasaidia zaidi kuliko ukiwa peke yako, lakini bado haitoshi. Mtu anayetegemea mguu wa kulia pekee ameacha sehemu kubwa ya breki zake nyumbani.

Usiniamini mimi, muulize fundi. Muulize ni breki ipi wateja wake huibadilisha kila mara. Kisha tembea steji yoyote ubonyeze vishikio vya mkono wa kulia. Utakuta kebo zilizoshika kutu kwa kutoguswa, na nyingine zimelegea mpaka kishikio kinafika kwenye mpini bila kitu kutokea. Mwenyewe atakuambia kwa kujivunia, "Hiyo mimi situmiangi."

Kwenye murram ya Busia, kwa mwendo wa baiskeli, mtu huyo angekuwa na akili. Lakini barabara zilibadilika. Mwaka 2012 Thika Road mpya ilifunguliwa, njia nane za lami laini, na barabara nyingine pana zikafuata. Mwendo wa 20 ukawa 80. Na hapa kuna hesabu ambayo baiskeli haikuwahi kutulazimisha kuijua: ukiongeza mwendo mara mbili, umbali unaohitaji kusimama baada ya kushika breki unakuwa mara nne. Ukiuongeza mara nne, umbali huo unakuwa mara kumi na sita. Waidha lile lile, lililomkinga babu kwenye changarawe, linamtuma mjukuu chini ya bodi ya lori pale Githurai.

Sasa, hili nalo lisikuponze. Breki ya mbele ikishikwa vibaya bado inaangusha. Ukiinyakua kwa ghafla gurudumu linajifunga. Ukiibana ukiwa umelala kwenye kona, unateleza. Kwenye mchanga, kwenye matope, juu ya mistari ya rangi iliyolowa, na zile dakika za kwanza za mvua wakati oili iliyomwagika barabarani inaelea juu ya maji, lazima mkono uwe mwepesi sana. Kanuni ni kuisimamisha pikipiki wima kwanza, kuachia mafuta, kisha kushika breki zote mbili pamoja, ya mbele ukiikamua pole pole kama unayekamua chungwa, ukiongeza nguvu kadiri uzito unavyokuja mbele. Mkono lazima ujue haya kabla ya siku ya hatari. Siku hiyo ikifika, kichwa hakifanyi kazi. Kinachofanya kazi ni mazoea.

Zima, iteremke

Hili la pili nalo ni mtoto wa baiskeli. Mtu amefika juu ya mlima, anazima injini au anaweka free, na pikipiki inateremka kimya kimya kama Black Mamba. Bei ya petroli imelipa waidha hili nguvu mpya. Septemba 2023 lita moja Nairobi ilipita shilingi 200, na ukiwa na hesabu ya kila siku ya kumpelekea mtu, kila tone lina jina.

Shida ni kwamba baiskeli haikuwa na injini ya kuisaidia breki, lakini pikipiki inayo. Ukiteremka gia ikiwa ndani na mkono umeachia mafuta, injini yenyewe inaishikilia pikipiki isikimbie. Ukiizima, kazi yote inabaki kwa breki. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa kutoka Iten kuelekea Tambach, breki za ngoma hupata moto, na zikipata moto hulegea. Usiku ni mbaya zaidi. Taa kubwa ya pikipiki nyingi ndogo huchukua umeme moja kwa moja kutoka kwa injini inayozunguka, kwa hiyo ukizima injini umezima taa. Unateremka gizani, bila sauti, kuelekea kwa mama anayevuka barabara ambaye hakuoni wala hakusikii. Na mafuta uliyookoa? Injini ya 100cc au 150cc ikiwa imeachiwa mteremkoni hunywa kidogo sana. Ni shilingi chache. Kama unataka kuokoa mafuta kweli, pima upepo wa tairi kila asubuhi, kaza na upake oili mnyororo, safisha kichujio cha hewa.

Logibuku ni ya nani?

Si kila waidha la zamani limeoza. Lile la logibuku linazidi kukomaa.

Katika miaka ya kwanza baada ya 2008, wengi waliokuwa juu ya pikipiki hawakuwa wenye pikipiki. Mwenye mali alikuwa mwalimu, polisi, mwenye duka, au dada aliyefanya kazi Nairobi na kutuma pesa. Kijana alipewa chombo, akapeleka kiasi fulani kila jioni, na kilichozidi kikawa chake. Kukiwa na mvua, hesabu iko pale pale. Ukiugua, hesabu iko pale pale. Wengine waliahidiwa kwamba baada ya mwaka au miaka miwili pikipiki itakuwa yao, kwa maneno matupu, bila karatasi. Mwisho wa mwaka mwenye mali alikumbuka mambo kwa namna nyingine.

Jibu la steji lilikuwa chama. Watu kumi wanachanga kila siku, wakifikisha pesa ya pikipiki moja wananunua, anapewa wa kwanza, wanaanza tena. Ni njia ya polepole, lakini imewapa watu wengi kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: cheti cha serikali kinachosema mali hii ni yangu.

Kisha zikaja kampuni za mkopo. Unalipa kianzio, unapanda, unalipa kila siku kwa simu, na ndani ya pikipiki kumefichwa kifaa kinachoonyesha uliko. Sitamlaani mtu aliyechukua mkopo. Bila mkopo wengi wasingemiliki chochote. Ila piga hesabu kabla ya kuweka sahihi. Tuseme kianzio ni 30,000 na malipo ni 450 kwa siku kwa miezi 18. Hizo ni takriban siku 540, yaani shilingi 243,000, ukijumlisha kianzio unapata 273,000. Linganisha na bei ya dukani ya pikipiki hiyo hiyo ukilipa taslimu. Tofauti ndiyo gharama ya kutokuwa na pesa leo. Huenda ni gharama unayoweza kuikubali, lakini ijue kwa namba. Uliza pia siku ukilazwa hospitali malipo yanasimama au hayasimami, na logibuku itabadilishwa jina lini baada ya kumaliza. Uliza uonyeshwe mahali palipoandikwa. Maneno matupu tuliyajaribu tayari.

Helmeti ya karao

Mwaka 2012 Sheria ya Trafiki ilirekebishwa. Mwendeshaji na abiria wake wakatakiwa kuvaa helmeti na refleta, na abiria akawa mmoja tu. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini angalia ilivyofika steji. Haikufika kupitia kwa muuguzi akieleza ubongo unavyogonga fuvu. Ilifika kupitia kwa polisi aliyesimama kando ya barabara. Kwa hiyo steji iliitafsiri kwa lugha ya polisi, kwamba helmeti ni kitu cha kumwonyesha karao. Inaning'inia kwenye kiwiko, inavaliwa mita 100 kabla ya roadblock na kuvuliwa mita 100 baadaye. Inawekwa kichwani bila kufungwa mkanda. Imepasuka, imefungwa kwa waya, si iko?

Helmeti isiyofungwa huruka kichwa kabla hujagusa chini. Helmeti iliyokwisha kugonga lami mara moja huenda imemaliza kazi yake hata kama rangi bado inang'aa, kwa sababu ile povu ngumu ya ndani hubonyea ili ubongo usibonyee, na ikishabonyea hairudi.

Na abiria? Abiria wa Nairobi hukataa helmeti kwa sababu anazozijua kila mtu: jasho la watu ishirini, rasta alizosukwa jana kwa saa tano. Hizo si sababu za kijinga. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanzia Kampala mwaka 2014 na baadaye kufika Nairobi, ilijaribu kumpa kila mwendeshaji helmeti mbili za rangi ya chungwa. Kampuni iliondoka Nairobi mwaka 2020, lakini funzo lilibaki kwa walioliona. Ukimpa mtu helmeti safi, na kofia nyepesi ya kuvaa ndani, mara nyingi ataivaa bila hotuba. Kama unaanza kazi hii leo, helmeti ya pili iliyo safi ni tangazo bora kuliko muziki na stika zote.

Ukiona mwenzako ameanguka

Waidha la mwisho ndilo zuri kuliko yote, na ndilo lililotuletea aibu kubwa kuliko yote.

Kusimama mwenzako akianguka kulitokana na ukweli kwamba hakuna mwingine angesimama. Ambulensi ilikuwa mbali, bima haikuwepo, mwenye gari alikuwa na wakili. Steji ikawa ndiyo ambulensi, ikawa bima, ikawa wakili. Ndiyo iliyochanga pesa za hospitali, na ndiyo iliyosindikiza jeneza hadi shambani, honi zikilia njia nzima. Mtu ambaye hajawahi kuishi bila ulinzi wowote hawezi kuelewa jinsi inavyotuliza kujua kwamba ukianguka, watu ishirini watasimama.

Lakini watu ishirini wenye hasira si mahakama. Magari yamechomwa na madereva wamepigwa kabla mtu yeyote hajauliza kilichotokea. Machi 2022, kwenye Barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Forest Road, kundi la waendesha bodaboda lilimvamia na kumdhalilisha mwanamke aliyekuwa ndani ya gari lake. Video ikasambaa. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako, polisi wakakamata waendeshaji na pikipiki kwa mamia, wengi wao hawakuwa hata karibu na barabara ile siku hiyo. Baada ya siku chache msako ukasimamishwa. Kila mtu akarudi kazini, na hakuna aliyekuwa amefundishwa kitu.

Mimi nadhani waidha lisifutwe. Limaliziwe. Simama, ndiyo, halafu ufanye nini? Weka matawi barabarani nyuma ya ajali, mbali ya kutosha, gari linalokuja lipate nafasi ya kupunguza mwendo. Piga 999 au 112. Usimvute majeruhi kwa mikono, usimvue helmeti kwa nguvu kama anapumua vizuri, na usimkalishe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki ukimkimbiza hospitali. Shingo iliyovunjika inaweza kuwa bado haijamlemaza, wewe ndiye utakayemlemaza. Binya kitambaa safi panapotoka damu. Piga picha namba za magari. Hayo yote yanaweza kufanywa na watu wenye hasira, na yote yanamsaidia aliyelala chini kuliko kiberiti.

Wanaofundishwa sasa

Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ukaguzi wa pande zote mbili ukawa mahali pamoja. Lile pengo lililozaa bodaboda likazibwa. Bodaboda haikutambua hata, ilikuwa imeshakuwa nchi nzima.

Sasa chombo kinabadilika tena. Ukisimama Nairobi dakika chache utaona pikipiki za umeme zikipita bila mlio, za Roam, Ampersand, Spiro. Nyingi hazina klachi wala gia, na ukifungua mkono nguvu yote inakuja papo hapo. Betri ikiisha unaibadilisha kituoni na kuendelea, na katika mipango mingi pikipiki inaweza kuwa yako lakini betri ni ya kampuni. Kwa hiyo swali la logibuku limerudi likiwa na sura mpya, kwamba unamiliki nini hasa? Na mtembea kwa miguu aliyezoea kuvuka barabara kwa kusikiliza anakutana na chombo kisichosikika. Hivi tunavyosoma, kuna kijana steji fulani mwenye miezi sita juu ya pikipiki ya umeme, na anamfundisha mwenzake aliyeanza leo. Anachomwambia kitarithiwa kwa miaka 30, kiwe kweli au kisiwe.

Kama wewe ndiye uliyeanza leo, tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi, ardhi ngumu isiyo na mchanga. Muombe fundi akaze kebo ya mbele kwanza. Weka alama ya jiwe, uje kwa mwendo wa 20, simama kwa breki ya nyuma peke yake, uweke jiwe jingine pale uliposimama. Rudia kwa zote mbili, ukiikamua ya mbele pole pole. Panda hadi 30, kisha 40. Hesabu hatua kati ya mawe kila mara. Siku jamaa wa steji atakapokuambia usiguse breki ya mbele, usibishane naye mbele ya watu, maana amekupa alichopewa. Mpeleke uwanjani umwonyeshe mawe.